Makosa Thelathini na Moja

Faustin alizikwa Jumanne, mimi nikafika Alhamisi. Naanza na hilo ili msomaji asinidhanie mema nisiyokuwa nayo. Ujumbe wa simu wa kifo chake niliupata Jumapili, umetoka kwa Claude, mwendesha pikipiki wa Kamembe, na kutoka Kigali hadi Rusizi ni basi moja tu, ukipanda alfajiri mchana unakula sambaza za Kamembe, visamaki vya ziwani. Muda wa kuwahi nilikuwa nao. Lakini nilisoma ujumbe, nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikaendelea na hati niliyokuwa naitafsiri, ya ndugu wawili waliogombania mtaro wa maji. Hiyo ndiyo kazi yangu: mimi ni mtafsiri niliyeapishwa. Unaniletea karatasi ya Kiingereza, nakupa ya Kifaransa au ya Kinyarwanda, neno kwa neno, nagonga muhuri, na hakuna wakili aliyewahi kunirudishia karatasi. Nilimaliza hati ile, nikafua, nikala, nikalala vizuri kabisa. Jumatatu na Jumanne hivyo hivyo. Jumatano ndipo nilipojiambia, wewe Conso, una roho ya namna gani, na kesho yake nikapanda basi. Njia nzima ya msitu wa Nyungwe nilisinzia. Watu hudhani mtu anayekwenda kwenye kilio anawaza mengi njiani. Mimi niliwaza kama nimefunga bomba la jikoni.

Faustin hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mfasiri wa filamu katika salle ya video, ukumbi wa kuonyeshea filamu, wa Maman Bijou, pale Kamembe, mjini Rusizi, enzi za DVD, na mimi nikiwa na miaka kumi na tisa ndiye niliyemnyang'anya mikrofoni. Sikuiba, nilihukumu, tena kwa haki, nilivyoamini kwa miaka mingi. Alipimwa kwa kipindi kimoja cha tamthilia ya mambo ya angani, kipindi chepesi cha mzaha, nami nikasema ameshindwa. Tangu siku hiyo hakufasiri tena mpaka amekufa. Ya nyumbani kwetu siyaelezi, hayahusiki, isipokuwa moja: mwaka ule, mwezi wa kwanza, mama yangu alikuwa amefariki hospitalini Bukavu, na mimi nilivushwa mpaka kuja Kamembe na sanduku moja nikakae kwa mama mdogo, Maman Noëlla. Tangu Januari ile sikuwa nahisi kitu. Sikulia, sikukasirika, sikuona njaa. Ukinipa chakula nilikula, ukisahau kunipa sikukukumbusha.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha nyuma, na ukuta wake mmoja ulikuwa ndio ukuta wa salle. Humo kulikuwa na kitanda cha chuma, magunia ya unga wa muhogo ya Maman Noëlla, beseni za kuvukia mpaka zikiwa zimepandana, na kalenda ya parokia ambayo hakuna aliyeifunua tangu Machi ya mwaka uliopita. Ukuta ule ulikuwa wa matofali ya udongo, haukupigwa plasta, na upande wa pili, hapo hapo kwenye kichwa cha kitanda changu, ndipo Maman Bijou alipokuwa ametundika spika. Kwa hiyo kila alasiri nililala chali nikamsikiliza Faustin. Kwetu filamu iliyofasiriwa huitwa agasobanuye: sauti ya wazungu inapunguzwa, mfasiri anakaa pembeni na mikrofoni yake, na anasema yote mwenyewe, bwana, bibi, polisi, mbwa. Faustin alifanya hivyo kwa Kiswahili chetu cha huku, na tamthilia iliyojaza watu kuliko zote ilikuwa ya chombo kinachozunguka kwenye nyota. Jina lake la Kiingereza hakuna aliyelijali. Sote tuliiita Bantu ba Juu, yaani watu wa juu, kwa sababu Faustin ndiye aliyeibatiza. Miezi miwili niliifuata bila kuona picha hata moja. Nilimjua kapteni, mwanamke mkali mwenye kuzungumza kama wauza samaki wa mpakani pale Rusizi ya Kwanza, nikamjua daktari mwoga, na siwezi kusema kwamba nilipenda. Nilisikiliza tu, maana spika ilikuwa kichwani kwangu.

Mchana tulikula uani, na Faustin alikula nasi, kwa sababu mke wake alikuwa anavuka mpaka na bidhaa pamoja na Maman Noëlla na nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kupika saa hizo. Alikaa juu ya bidoo, dumu la maji la manjano, sahani magotini: ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, sambaza zilizokaangwa zikakauka mpaka zinalia mdomoni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, na ukimkuta nje ya salle ungedhani ni karani wa parokia. Hakuwa msemaji. Aliniita Mademoiselle, akanisogezea pilipili, basi. Wanawake wa mpakani wakiwa wamerudi mapema walikaa mkekani na kuzungumza habari zangu nikiwa hapo hapo, wakidhani nikiwa kimya basi sisikii. Mmoja alisema mtoto wa Marie, ndiye mama yangu, hacheki, amekauka, mumpeleke kwa baba padri. Mwingine akasema mwacheni, msiba una njia zake. Halafu wakaingia kwenye Kimashi, lugha ya upande wa Bukavu, ambacho walisahau kwamba mama yangu alinifundisha, wakasema kichwa changu kinaweza kuharibika. Faustin alikuwa anachambua miiba yake.

Mwezi wa tatu Maman Noëlla aliniburuta mkono, akaniingiza salle kwa nguvu nikachangamke. Nilikaa benchi la mbele. Chombo kikatokea, kapteni akatokea, na mimi niliyesoma Kiingereza miaka sita sekondari, na kukipenda kuliko somo lolote, nikasikia chini ya sauti ya Faustin sauti ndogo ya waigizaji wenyewe. Haikuwa ikisema anayoyasema Faustin. Kapteni aliagiza injini izimwe. Faustin akasema amewakataza vijana kunyoa ndevu kwenye sinki la wageni. Nilikaa wima. Ule ndio mshtuko wangu wa kwanza tangu Januari, na nakiri kwamba ulinipendeza, kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi halafu ukaanza kuchoma. Niliporudi chumbani nilianza kusikiliza kwa kusudi. Kila alasiri nilibandika sikio ukutani nikatafuta Kiingereza kile kidogo, nikamkosoa Faustin moyoni, neno kwa neno. Ndiyo ilikuwa burudani yangu, sikuwa na nyingine.

Wengine nao waligundua. Wanafunzi wa sekondari walianza kunong'ona kwamba mzee anadanganya, na kijana mmoja aliyetoka kusoma Kigali, Aimable, shati jeupe na simu mbili, alimwendea Maman Bijou akamwambia yeye anaweza kufasiri yaliyomo hasa. Maman Bijou alikuwa mfanyabiashara, si katili. Hakutaka kumfukuza mtu aliyemjazia mabenchi miaka sita, wala hakutaka kuitwa mwenye salle ya uongo. Akatoa uamuzi ambao Kamembe nzima iliusifu: wote wawili watafasiri kipindi kile kile, Aimable Jumamosi alasiri, Faustin Jumapili baada ya misa, na waamuzi watatu watasema nani abaki na mikrofoni. Mwalimu Sylvestre, aliyestaafu shule ya msingi, angepima sauti na lugha. Claude wa pikipiki angepima watu wamefurahi kiasi gani. Kwa kazi ya kupima ukweli Maman Bijou alikuja kunitafuta mimi chumbani, akakaa juu ya gunia la unga.

"Weye unajua Kingereza," aliniambia. "Tena huchekake. Mwenye kucheka anapendelea."

Nilikubali. Maman Noëlla alifurahi, akasema mtoto amepata kazi ya kumtoa ndani. Hakuna aliyemuuliza Faustin kama anaona sawa kuhukumiwa na msichana anayekula naye mchana. Yeye mwenyewe Jumatatu ile alinisogezea pilipili kama kawaida.

Kipindi hakikuchaguliwa, kilikuwa tu kinachofuata kwenye diski. Na kilikuwa cha ajabu. Bantu ba Juu wanakuta chombo cha zamani kinaelea gizani, wanaingia, wanawakuta humo watu wa miaka mia iliyopita wakiwa wazima: wanaume wenye nywele zilizotunishwa, suruali zinazobana, kapteni mzee anayevua glavu kila mara kabla ya kusema. Ukuta unatikisika mtu akifunga mlango. Mawe yanarushwa na kudunda. Kuna roboti kama bomba la jiko, na adui mwenye ngozi ya jini ambaye akigeuka unaona zipu mgongoni. Na wale vijana wa chombo kipya, badala ya kushangaa, wanatazamana wakitabasamu, wakiwatendea wazee wale kwa adabu kubwa. Leo najua maana yake. Ilikuwapo tamthilia ya kwanza, ya zamani sana, ya vifaa vya kuungaunga, ambayo Bantu ba Juu ilizaliwa kwayo, na watengenezaji walitoa kipindi kizima kuwasalimia waliowatangulia, kuwacheka kwa upendo. Wakati ule Kamembe hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuiona hiyo ya kwanza. Tulipewa salamu ya kwenda kwa watu tusiowajua.

Aimable alifanya kazi safi. Sauti yake ilikuwa nzuri, na alichosema ndicho kilichosemwa. Kapteni mzee alipotangaza kwamba imebaki hewa ya dakika kumi, Aimable akasema imebaki hewa ya dakika kumi, na salle ikanyamaza, mama mmoja nyuma akaanza kusali. Halafu kwenye picha wale vijana wakatabasamu. Watu wakageukiana. Kapteni akarudia, dakika kumi, na vijana wakacheka waziwazi, na kwenye mabenchi hakuna aliyejua aogope au afanye nini. Ikawa hivyo mpaka mwisho. Walitoka kimya, wakisema Kiingereza ni kigumu. Nilimwandikia makosa mawili.

Jumapili mabenchi hayakutosha, watu walisimama ukutani na kanga zao za misa. Faustin alikohoa kwenye mikrofoni, kikohozi kizito ambacho si chake, na watu wote wenye umri wakashtuka. Kilikuwa kikohozi cha Mzee Cosmas, mfasiri wa kwanza wa salle ile, aliyemfundisha Faustin kazi na ambaye alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Kapteni mzee alivua glavu, akafungua kinywa, na kwa sauti ya Mzee Cosmas akasema, "Bakristu na basiyo bakristu, mukae chini, ba nyuma habaone." Ndivyo Mzee Cosmas alivyokuwa anafungua kila filamu ya maisha yake. Bibi mmoja alipiga ishara ya msalaba. Halafu salle ikapasuka kwa kicheko, na mimi nikaandika kwenye karatasi yangu: moja, hakusema hivyo, kauliza nani kafungua mlango. Ukuta ulipotikisika, kapteni mzee akawaambia vijana wasiuegemee, wameuazima kwa jirani. Mawe yalipodunda, akaeleza kwamba ni mawe ya Bweyeye, yametembea sana kwa miguu mpaka yakakonda. Roboti ilinung'unika kwamba tangu ivushwe mpaka haijapakwa hata mafuta ya mawese. Adui mwenye zipu alimwendea kapteni mwanamke kwa unyenyekevu akamwomba, mwanangu, nifunge hapa mgongoni, niko na ubatizo. Claude alianguka kutoka kwenye benchi. Mwalimu Sylvestre alivua miwani akaifuta mara tatu. Niliona wote wanacheka, nilijua ni kicheko, sikuhisi chochote, na kalamu yangu ilikuwa inakwenda tu.

Karibu na mwisho lilikuja lile la dakika kumi. Kapteni mwanamke alimsogelea mzee, mzee akavua glavu, akasema kwa Kiingereza imebaki hewa ya dakika kumi. Faustin aliisogeza mikrofoni mdomoni. Kisha, bado kwa sauti ya marehemu mwalimu wake, akamjibu yule mwanamke kana kwamba ameulizwa waliwezaje zamani kwa vitu vibovu hivi. "Bintu hatukukuwa nabyo, mwanangu. Tulikuwa na bantu bakuja kutuangalia." Na kwenye picha vijana wakatabasamu, na safari hii tabasamu lao likakaa mahali pake, na watu wa salle walikuwa wanalia na kucheka pamoja, na nilipogeuka nikamwona Maman Noëlla ameziba uso kwa kanga. Niliandika: ishirini na sita, uongo mtupu.

Tulitoa uamuzi pale pale. Mwalimu Sylvestre alimtaja Aimable, kwa sababu alikuwa mwalimu na sarufi ni sarufi, na alisema akitazama chini. Claude alimtaja Faustin hata kabla hajaulizwa. Ikabaki mimi. Nilisimama na karatasi yangu ya daftari, pande zote mbili zimejaa, nikasoma hesabu: Aimable makosa mawili, Faustin thelathini na moja. Nilijisikia fahari, na niseme wazi kwamba ndiyo hisia ninayoikumbuka zaidi ya mwaka ule mzima, kuliko hata msiba wa mama. Nilikuwa nimefanya kitu sawasawa, na hakuna aliyeweza kunipinga. Faustin aliikunja waya ya mikrofoni vizuri, kama alivyofanya kila siku, akamkabidhi Aimable mkononi.

Jumatatu alikuja kula. Maharage na ndizi, nakumbuka. Alikaa juu ya bidoo lake, akala nusu sahani, ndipo akaniuliza.

"Mademoiselle, yote makumi tatu na moja uliandika?"

"Yote, Papa Furaha," nikajibu, nikimwita kwa jina la mtoto wake.

"Unasikiaka muzuri," akasema, akamaliza chakula, akanawa, akamshukuru Maman Noëlla, akatoka kwa njia ya mbele ambayo haipiti salle. Hakurudi kula. Nilisikia baadaye kwamba alijaribu kuvuka mpaka na mke wake, akibeba furushi la sabuni, hakuweza biashara, wakahamia Rwimbogo walipokuwa na shamba la muhogo. Maman Noëlla hakunigombeza hata neno moja. Ila wanawake wa mkekani, jioni moja, wakidhani nimelala, walisema kwa Kimashi kwamba yule mtoto ana hesabu tu. Aimable alifasiri miezi michache. Watu walikuja, kisha wakaja wachache, kisha Bantu ba Juu ikaachwa katikati na salle ikawa ya mpira. Ukuta wangu ukanyamaza alasiri, halafu ukapiga kelele za mabao. Septemba nilikwenda kusoma tafsiri, na katika barua ya kuomba nafasi niliandika kwamba niliwahi kuwa mwamuzi wa ufasiri. Walinisifia kwa hilo.

Miaka yote hiyo sikujuta. Sitaki kujipamba. Nikimkumbuka Faustin nilijiambia masikini, lakini haki ni haki, na nikaendelea kugonga mihuri. Kisha miaka minne iliyopita binti yangu, ambaye hucheka kwa ajili yetu sote wawili, aliikuta kwenye kompyuta ile tamthilia ya kwanza, ya zamani, akaniita nije nione vichekesho. Tulikaa mezani na sahani ya karanga. Kapteni yule yule, huku akiwa kijana wa nywele zilizotunishwa, alivua glavu, akasema imebaki hewa ya dakika kumi. Kipindi cha pili, tena: dakika kumi. Cha tatu, dakika kumi. Binti yangu alikuwa anajikunja kwa kicheko, anasema mama, hawa watu hewa yao haiishi. Kumbe ulikuwa ndio utani. Kila mtu kwao aliyekulia na tamthilia ile, akisikia dakika kumi, hasikii hatari, anasikia utoto wake, anasikia wazee wake na kuta zao za kuazima. Maneno yale Aimable aliyafasiri sawasawa na maana yote ikamwagika. Aliyeipata maana, bila Kiingereza, bila kuijua tamthilia ya kwanza, kwa kuangalia tu nyuso za wale vijana, alikuwa Faustin. Alitafuta mzee wetu wa kusalimiwa akampata. Na mimi mpima ukweli niliyapima maneno, yeye akanishinda kwenye ukweli wenyewe. Nilimwambia binti yangu naenda kulala, kichwa kinauma.

Hapo ndipo ningepaswa kupanda basi. Nilisema Pasaka nitakwenda. Pasaka nikasema Noeli. Mara mbili katika miaka hiyo minne nilifika Kamembe kwa shughuli nyingine, mara moja hata nikamuuliza Claude njia ya Rwimbogo, akaniambia atanipeleka bure, nikasema wakati mwingine. Sikuogopa kugombezwa, Faustin hakuwa mtu wa kugombeza. Nilikuwa najua tu kwamba atanisogezea kiti na atasema haidhuru, na sikutaka kuisikia haidhuru yake.

Claude amenenepa, na ndiye aliyenipeleka Rwimbogo Alhamisi ile. Nyumba ya kilio ilikuwa imebaki na watu wachache, viti vya kuazima vimepangwa ukutani, wanawake wawili nje wanamenya muhogo. Maman Furaha, mjane wake, alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. Pembeni yake alikuwapo binti yao Furaha, ambaye mwaka ule alikuwa mtoto wa mgongoni na sasa ana watoto wanne, wote wapo mlangoni wananitazama viatu. Nilitoa pole. Nilipewa chai. Kisha, kwa sababu sikujua namna nyingine, nilisema moja kwa moja kwamba mimi ndiye niliyesema Faustin ameshindwa, na kwamba nilikosea.

"Uliyijua siku gani, kama ulikosea?" Maman Furaha aliniuliza.

"Miaka minne sasa."

"Miaka ine," alisema. "Alikuwa pale tu, anapalilia."

Alinyoosha kidole kuelekea shamba, mlangoni, juu ya vichwa vya watoto. Niligeuka nikatazama. Ilikuwa mihogo tu, mistari iliyonyooka. Nikanywa chai. Furaha, labda kwa huruma, labda kwa kutaka tu kujua, aliniuliza baba yake alikuwa anasema nini huko salle. Akasema wao hawakumsikia hata siku moja. Hapa nyumbani alikuwa mtu wa kukaa kimya, akiombwa hadithi alisema hana. Nilimwambia kwamba vipindi vingine vyote vimenitoka. Ninachokumbuka ni kile kimoja, na katika kile nakumbuka tu yale niliyomwandikia kuwa makosa, maana niliyaandika kwa mkono wangu.

"Basi utuambiye ayo," alisema Furaha.

Nikaanza na la kwanza. Sina sauti ya Mzee Cosmas, wala ya Faustin. Niliyasema kwa sauti yangu ya kusomea hati, moja, mbili, tatu, bakristu na basiyo bakristu, ukuta wa kuazima, mawe ya Bweyeye yaliyokonda. Kwenye mawe yale mtoto mdogo wa Furaha alicheka, akaja kukaa mbele yangu. Wenzake wakamfuata. Kwenye zipu na ubatizo wale wanawake wa muhogo waliacha visu wakasogea mlangoni, na Claude kwenye kiti chake akawa anatikisika mabega. Nilifika la nane. Furaha alikuwa anafuta macho, anacheka, akanikatiza.

"Na ayo yote ilikuwa mu filme?"

"Hapana. Hata moja halikuwamo."

Maman Furaha alikuwa ananitazama muda wote huo. Hakuwa amecheka wala hakuwa amelia. Aliuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Sasa si ungemuachia tu mikro yake?"

Watoto walikuwa wamekaa miguuni pangu wakingoja. Nikawaambia la tisa.